Uhaba wa Wahusika Wakuu wa Kike katika Filamu za Katuni: Suala la Lugha

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo aghalabu huachiwa wahakiki wa filamu, yaani uchache wa wahusika wakuu wa kike katika filamu za katuni zitazamwazo na jamaa nzima. Rai inayotolewa hapa ni kwamba sehemu ya tatizo hili ni ya kiisimu. Hadithi itokapo katika lugha isiyobainisha jinsia ikaingia katika picha yenye sauti, mtayarishaji hulazimika kuamua jambo ambalo msimulizi hakulazimika kuliamua, na uamuzi huo mara nyingi humwelekea mwanamume.

Uchache wenyewe hauna ubishi. Kampuni ya Pixar ilitoa filamu yake ndefu ya kwanza, Toy Story, mwaka 1995. Haikumpa msichana nafasi ya mhusika mkuu mpaka Brave, filamu yake ya 13, mwaka 2012. Wala kuwapo kwa shujaa wa kike si dhamana kwamba atasikika. Mwaka 2016 wanaisimu Carmen Fought na Karen Eisenhauer wa Marekani walionyesha kuwa katika The Little Mermaid ya 1989 asilimia 68 ya mazungumzo ni ya wanaume. (Kisa chenyewe, kwa sadfa, ni cha binti aliyeitoa sauti yake.) Hata katika Frozen ya 2013, ambayo ni hadithi ya dada wawili, sehemu ya wanaume ilikuwa asilimia 59.

Inafaa sasa suala hili lipimwe kwa mtoto wa Mugutha, katika eneo la Ruiru na Thika, mwenye kusikia Kigikuyu na Kiswahili kabla ya Kiingereza cha shuleni. Lugha hizo mbili za kwanza hazitenganishi mume na mke katika viambishi vya nafsi. Katika sentensi "Sungura akamwambia Fisi," si kiambishi a- wala -m- kinachodokeza jinsia, na msimulizi akitaka kuitaja itambidi aongeze neno dume au jike. Mara nyingi hataki. Kiingereza hakimpi uhuru huo, na filamu humbana zaidi, hata ikiwa ya Kiswahili, kwa kuwa sauti ya mwigizaji haina ngeli: ni ya mwanamume au ya mwanamke.

The Lion King ya 1994 ni mfano ulio wazi. Neno simba hutaja dume na jike pia. Filamu ikalifanya jina la mrithi wa kiume wa ufalme. Rafiki na Pumbaa nao wakawa madume. Kati ya majina ya Kiswahili yaliyowaangukia majike mna Sarabi, yaani mazigazi, na Shenzi, fisi aliyepewa tusi kuwa jina. Ni kweli kwamba Pumbaa naye hakutendewa heshima.

Upungufu haumo katika hazina ya hadithi. Asili ya koo za Wagikuyu, kama isimuliwavyo, ni mabinti wa Gikuyu na Mumbi, ambao huhesabiwa "tisa kamili" ingawa ni kumi. Hakutajwa mwana wa kiume. Majina ya Wanjiru, Wambui na Wangari yangali yakiitwa kila siku katika nyumba za Mugutha. Tena iko ngano ya mhunzi, mkewe na irimu. Mhunzi yuko mbali akifua chuma. Mkewe ajifungua, na irimu anamtesa kwa njaa. Mwanamke anaanika mbegu za mbarika, anamlisha njiwa, kisha anamtuma. Njiwa anaimba mbele ya mhunzi mpaka anaeleweka, na mhunzi anarudi kumwua irimu kwa mkuki. Shujaa ni nani hapa? Shauri ni la mwanamke, wimbo ni wa njiwa, na mume ana silaha tu. Lakini picha huupenda mkuki kuliko shauri, na yamkini mtayarishaji asiye mwangalifu atamweka mhunzi katikati.

Wako walioamua vingine. Katika Akili and Me, ya shirika la Ubongo la Tanzania, Akili ni msichana wa miaka 4. Katika Super Sema ya kampuni ya Kukua, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021 huku Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu na waigizaji wa sauti, shujaa ni msichana aitwaye Sema. Majina yote mawili, nomino dhahania na kitenzi cha amri, yangeweza kupewa mvulana bila kubadilishwa hata herufi moja. Hizo, hata hivyo, ni katuni za vipindi vifupi. Kwa filamu ndefu kazi huanzia kwenye mswada: aandikaye "Sungura" katika orodha ya wahusika bado hajaamua sauti, na asipoiamua yeye itaamuliwa na mwingine studioni.