Mwenye Kisukari Ajiandae na Ramadhani Tangu Rajab

Kila Ramadhani inapokaribia, swali moja hurudi katika baraza za misikiti yetu: je, mwenye kisukari afunge au asifunge? Mara nyingi huulizwa siku mbili kabla ya mwezi kuandama, nalo huelekezwa kwa imamu peke yake. Imamu anaijua hukumu, lakini hakijui kiwango cha sukari kilichomo katika damu ya muulizaji. Jibu lililo salama humhitaji mwanachuoni na daktari kwa pamoja, tena huhitaji muda.

Upande wa sheria uko wazi. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula na kuzilipa siku hizo baadaye. Yule ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona wala hana uwezo wa kulipa, wanazuoni wengi humwelekeza kutoa fidia, yaani kulisha masikini mmoja kwa kila siku. Hiyo ni rehema, na mwenye kuipokea hana sababu ya kuona haya.

Hata hivyo, wapo wazee wetu wanaoficha maradhi yao wasionekane wamekula mchana. Ramadhani iliyopita, mzee mmoja wa msikiti wetu alianza kutetemeka na kutoa jasho jingi kabla ya Alasiri, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Wanawe walidhani ni uchovu wa swaumu. Kumbe alikula daku kidogo, akameza vidonge vyake kama siku zote, na sukari ikashuka. Alhamdulillahi, jirani ambaye ni muuguzi aliitambua hali hiyo mapema, akamnywesha maji ya sukari.

Balaa la namna hii huzuilika kwa kuhudhuria kliniki. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kuhusu Ramadhani unamtaka mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo, yaani ndani ya mwezi wa Rajab. Hapo hupimwa sukari, shinikizo la damu, uzito na hali ya miguu. Panapowezekana, hupimwa pia damu inayoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi 3 iliyopita. Ndipo daktari humweleza iwapo funga ni salama kwake. Kwa wenye figo zilizodhoofu, wajawazito wanaotumia insulini, na waliozidiwa karibuni kwa kushuka sukari, hatari huwa kubwa.

Daktari pia hupanga upya dawa. Insulini na baadhi ya vidonge, kama glibenklamidi, huweza kuishusha sukari mno tumbo likiwa tupu. Kiasi chake na saa zake hubadilishwa na mtaalamu. Mgonjwa asijipunguzie dawa mwenyewe, wala asiiache.

Aliyeruhusiwa kufunga aendelee kupima. Kutoboa kidole ili kupima sukari hakubatilishi swaumu. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kikipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana ya Magharibi kusikika. Iliyeshuka sukari anywe maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Iliyempanda anywe maji matupu na apelekwe hospitali.

Familia nayo ina sehemu yake, kwa kuwa chungu cha futari ni kimoja. Mezani petu hukutana tambi za sukari, kaimati, mihogo ya nazi, magimbi na uji mtamu, vyote kwa usiku mmoja. Si haki kumwambia baba ajizuie peke yake huku wengine wakila mbele yake. Nyumba nzima ianze kwa maji na tende moja au mbili, ichague aina moja ya wanga, iongeze mboga, samaki au kunde. Daku nalo lisogezwe karibu na Alfajiri.

Udhu pia ni msaada. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, na kidonda kidogo kikakua bila maumivu. Anayeosha miguu kwa ajili ya swala 5 ana nafasi 5 kila siku za kuitazama, kisha aikaushe vyema baina ya vidole. Kamati za misikiti ziweke kandambili bombani, ili asiwepo anayekanyaga sakafu yenye joto la adhuhuri bila kuhisi kwamba anaungua.

Tunaziomba kamati zote zitangaze siku za kliniki baada ya swala ya Ijumaa mwezi wa Rajab unapoingia. Nanyi vijana, waulizeni wazazi wenu tarehe iliyoandikwa katika daftari la kliniki, kisha mfuatane nao.