Kwa Nini Rifampisini Humezwa Mara Moja kwa Mwezi

Mtu mzima anayetibiwa ukoma Kitale au Bungoma hupewa pakiti ya siku 28. Dapsoni na klofazimini humeza kila siku. Rifampisini, miligramu 600, humeza siku moja tu kwa mwezi, tena mbele ya mhudumu wa afya. Mbona dawa iliyo kali kuliko zote ndiyo inayomezwa kwa nadra?

Jibu lilitoka kwenye nyayo za panya. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Hansen wa Norwei mwaka 1873, hadi leo hakubali kuoteshwa kwenye chupa ya maabara. Mwaka 1960 Charles Shepard wa Marekani alidunga bakteria elfu chache kwenye nyayo za panya, mahali penye ubaridi kidogo kuliko mwili mzima, wakazaana. Bakteria huyu hupenda ubaridi. Ndiyo sababu kwa binadamu hushambulia ngozi, masikio na pua. Ila huongezeka polepole mno: mmoja huwa wawili baada ya wiki mbili hivi. Jaribio moja hula miezi sita au zaidi.

Subira hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1964, huko Malaysia, Pettit na Rees walichukua bakteria kwa wagonjwa ambao hali yao ilizidi kuwa mbaya licha ya miaka ya dapsoni. Panya waliodungwa walilishwa dapsoni, na bakteria wakazidi kuzaana. Usugu ukathibitishwa. Kwangu hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mgonjwa asiyepona ni rahisi mno kumshuku kwamba hamezi dawa.

Kisha ikaja rifampisini. Chini ya hadubini ni vigumu kumtofautisha bakteria aliyekufa na aliye hai. Unyayo wa panya huwatenganisha, maana mfu hazai. Majaribio yalionyesha kwamba siku chache baada ya dozi moja, bakteria waliotolewa kwa mgonjwa hawakuota tena. Wachache wanaosalia huhitaji muda mrefu kuongezeka, na hapo dapsoni na klofazimini za kila siku huwabana hadi dozi ijayo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto huo mwaka 1981.

Wazee wa magharibi mwa Kenya wanaikumbuka Alupe, karibu na Busia, palipokuwa na hospitali na kituo cha utafiti wa ukoma. Leo matibabu ni miezi 6 au 12, bila malipo, na dawa za kila siku mgonjwa huzimeza nyumbani. Mkojo ukigeuka mwekundu baada ya rifampisini, au ngozi ikiwa nyeusi kwa klofazimini, dawa zisikatizwe: rangi hizo hutoweka, ingawa ya ngozi huchukua miezi kadhaa.