MSAADA NA HAKI YA KUULIZA

Vita au maradhi yanapolikumba taifa jirani, habari zinazotangulia kusikika huwa ni za hesabu: magunia mangapi ya unga yamewasili, madaktari wangapi wametumwa, fedha kiasi gani zimeahidiwa. Ni nadra kusikia wale wanaoipokea misaada hiyo wanasema nini. Lakini yaliyotokea mashariki ya Kongo katika vipindi viwili yanaonyesha kwamba msaada usiowajibika mbele ya anayesaidiwa waweza kumdhuru, na kwamba askari anayeulinda naye hawezi kujitoa katika wajibu huo.

Kipindi cha kwanza ni mwaka 1994. Mwezi Julai, serikali iliyoendesha mauaji ya halaiki nchini Rwanda ilipoanguka, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa siku chache na kuingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Mashirika ya misaada, yakiwa na haraka ya kuokoa maisha, yaligawa chakula kupitia kwa viongozi wale wale wa utawala ulioanguka. Viongozi hao walizidisha hesabu ya watu, wakajitwalia ziada, na sehemu yake ikawalisha wanajeshi na wanamgambo waliokuwa wakijiandaa kurudi vitani. Mjane aliyepunjwa hakuwa na pa kulalamika, kwani aliyempunja ndiye aliyekuwa mgawaji. Mwezi Novemba mwaka huo, tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka, likikataa kuwa chombo cha watu wa namna hiyo.

Kutokana na msiba huo, mataifa yaliyotoa misaada yalifanya tathmini kubwa ya pamoja iliyotolewa mwaka 1996. Juhudi za kuweka kanuni ziliendelea, na mwaka 2014 mashirika yalikubaliana juu ya kiwango kimoja chenye ahadi tisa. Miongoni mwake ni kwamba wananchi waelezwe haki zao, washirikishwe katika maamuzi, na malalamiko yao yapokelewe na kushughulikiwa. Kwa vitendo, maana yake ni kipimo cha mgao kutangazwa hadharani, orodha ya majina kukaguliwa, na mlalamikaji kupelekwa kwa mtu asiyekuwa yule anayemlalamikia.

Kipindi cha pili kilizipima ahadi hizo. Ni tarehe 1 Agosti 2018 ambapo Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa huo ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Wananchi wa Beni na Butembo, waliokuwa wamechinjwa na waasi kwa miaka mingi bila dunia kushtuka, waliuliza kwa nini fedha nyingi zinakuja kwa Ebola peke yake. Mwezi Desemba 2018, uchaguzi wao ulipoahirishwa kwa sababu ya ugonjwa huo, shaka ilizidi. Timu za afya zilipofika na walinzi wenye silaha, wengine waliona ni operesheni ya kijeshi. Mwezi Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Pale wananchi waliposikilizwa, hali ilikuwa tofauti. Walikuwa wakihofu kwamba maiti wananyofolewa viungo. Ikaletwa mifuko angavu ili jamaa wamwone marehemu wao. Vyumba vya wagonjwa vya plastiki angavu navyo viliwawezesha kuwaona waliolazwa. Kitanda usichokilalia, huwajui kunguni wake.

Hata hivyo, palikuwa na uovu uliofichika. Mwaka 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba wanawake waliahidiwa kazi kwa sharti la kutoa miili yao. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani iliripoti Septemba 2021 kwamba watuhumiwa walikuwa 83, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika hilo. Mkurugenzi Mkuu wake aliwaomba radhi waathirika.

Jambo hili lawahusu askari moja kwa moja. Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003 unakataza kutoa fedha, kazi au bidhaa ili kupata ngono, na majeshi yaliyo chini ya amri ya Umoja huo nayo yamekatazwa vitendo hivyo. Mwenye njaa hawezi kuwa na hiari mbele ya mwenye unga, wala mbele ya mwenye bunduki.

Kwa hiyo, askari anayelinda mgao hana budi kujua kwamba amewekwa pale kwa ajili ya wale walio katika foleni, na si kwa ajili ya magunia tu. Anayepaza sauti kwamba amepunjwa si mfanya fujo. Aelekezwe panapopokelewa malalamiko. Na polisi anapoletewa habari za wizi wa msaada au unyanyasaji, hilo ni kosa la jinai la kupelelezwa kama makosa mengine, hata kama mtuhumiwa amekuja na gari jeupe lenye bendera ya shirika.