Klachi ya Motakaa Inapolegea: Namna ya Kubadili Silinda ya Chini

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilometa kama 120, katika nchi ya jua kali, mawe na mchanga, ambamo njia hukutana na laga nyingi. Motakaa ikiharibika katikati ya safari hiyo, abiria hawana kivuli ila cha migunga michache, na maji waliyo nayo ndiyo yale waliyochukua nyumbani. Huenda mmoja wao ni mgonjwa apelekwaye hospitali. Basi yampasa kila mwenye motakaa ya zamani, yenye gea za mkono, kuifahamu klachi yake kabla haijamwangusha.

Kazi ya klachi ni kuitenga injini na sanduku la gea kwa kitambo kidogo, ili dereva apate kubadili gea. Zamani kanyagio liliunganishwa na klachi kwa fimbo za chuma au kwa waya. Baadaye watengenezaji wengi walitumia mafuta badala yake. Land Rover, kwa mfano, ilionyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, nayo ikapata klachi ya mafuta katika aina yake ya pili iliyotoka mwaka 1958.

Klachi ya namna hii ina silinda mbili. Ya juu iko karibu na kanyagio, na ya chini iko ubavuni mwa sanduku la gea. Kati yao pana paipu nyembamba. Dereva akikanyaga, mafuta husukumwa kutoka silinda ya juu, nayo husukuma pistoni ya silinda ya chini, na hiyo husukuma kijiti kinachofungua klachi. Ndani ya kila silinda mna kikombe cha mpira kinachozuia mafuta yasivuje. Mafuta hayashindiliki, lakini hewa hushindilika. Ziba kwa kidole mdomo wa pampu ya baiskeli, kisha sukuma: mpini utaingia, nao utarudi. Ndivyo lifanyavyo kanyagio hewa ikiingia katika paipu.

Dalili za ugonjwa huu ni wazi. Kanyagio huwa laini au hushuka mpaka chini, gea hulia zinapoingizwa, hasa ya kurudi nyuma, na mafuta hupungua katika kikopo chake. Chungulia chini ya gari: silinda ya chini ikiwa imelowa, mpira wake umechakaa. Lakini mafuta yakionekana ndani ya gari karibu na kanyagio, mwenye kosa ni silinda ya juu. Na ikiwa injini yavuma kwa nguvu huku gari haliendi upesi, basi si silinda. Huenda ni sahani ya klachi iliyokwisha.

Kazi ya kubadili silinda ya chini haihitaji kushusha sanduku la gea, kama silinda hiyo imefungwa kwa nje. Simamisha gari mahali palipo sawa, nje ya laga, kwa kuwa mvua iliyonyesha mbali yaweza kuleta maji ya ghafula hata kama hapo mbingu ni nyeupe. Ziba magurudumu kwa mawe. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ngojea injini ipoe, kisha futa mchanga wote, maana chembe moja yaweza kukwaruza silinda mpya.

Legeza kwanza paipu kwa spana inayoenea sawasawa, ukiwa na chombo cha kukinga mafuta. Halafu fungua bolti na kuitoa silinda. Mtu yeyote asikanyage klachi wakati huo. Linganisha silinda mpya na ile ya kale. Anza kuingiza paipu kwa mkono, ili nyuzi zake zisiharibike, ndipo ukaze kila kitu.

Sasa yafaa kutoa hewa, na hii ni kazi ya watu wawili. Jaza kikopo mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa na watengenezaji. Mmoja akanyage polepole na kushikilia; wa pili afungue skurubu ya kutolea hewa iliyo katika silinda ya chini, mafuta na mapovu yatoke, kisha aifunge. Ndipo yule wa kwanza aachie kanyagio. Akiachia kabla ya kufunga, hewa itarudi ndani. Rudieni hivyo mpaka mapovu yaishe, wala msiache kikopo kikauke.

Usitie mafuta ya injini hata kidogo, maana huvimbisha mipira na kuiharibu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa: yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya digrii 205, lakini yakiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwa digrii 140. Kwa hiyo usitumie mafuta yaliyokaa wazi. Ni sumu, tena huharibu rangi ya gari. Yasiwekwe katika chupa ya soda ambayo mtoto aweza kuinywa. Na kumbuka kwamba katika baadhi ya motakaa klachi na breki hunywa kikopo kimoja. Klachi ikivuja, tazama breki pia.

Mwisho, washa injini ukiwa huna gea, kanyaga klachi, ingiza gea ya kwanza na ya nyuma. Zikiingia bila kelele, chungulia tena chini kama pakavu. Mwenye kusafiri na achukue chupa ya mafuta iliyofungwa, spana zake, na maji ya kunywa ya kutosha. Tone dogo lililoonekana Lodwar litengenezwe Lodwar, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.