Sinema ya kijana aliyerudi toka kambini

Mtu akirudi toka mateso makubwa, twamwambia nini? Sinema moja ya Hungaria inatufikirisha sana juu ya neno hilo. Jina lake ni Sorstalanság, ndiyo kusema hali ya kukosa majaliwa. Lajos Koltai aliitoa mwaka 2005, akifuata kitabu cha Imre Kertész cha mwaka 1975. Kertész mwenyewe ndiye aliyeandika maneno ya sinema. Alikuwa Myuda wa Budapest. Mwaka 1944, akiwa kijana bado, alipelekwa Auschwitz, kisha Buchenwald. Mwaka 2002 alipewa zawadi ya Nobel.

Katika mwaka ule wa 1944, toka Mei mpaka Julai, Wayuda zaidi ya 430,000 walitolewa Hungaria kwa gari la moshi. Wengi waliuawa Auschwitz mara walipofika.

György, kijana wa habari hii, ana miaka 14. Kwanza baba yake anaitwa kwenye kazi ya kulazimishwa. Halafu siku moja polisi anamshusha György katika bisi. Huko Auschwitz wafungwa wanamnong'oneza aseme ana miaka 16. Neno hilo linamponya, kwani watoto hawakuachwa hai. Anapelekwa Buchenwald, kisha Zeitz. Njaa inamkondesha, goti linaoza. Na rangi za sinema nazo zinafifia polepole, pamoja na nguvu zake.

Lakini shida nyingine inamngoja nyumbani. Katika tramu mtu mmoja anamwomba asimulie habari za jehanamu. György anajibu kwamba jehanamu haijui. Anaijua kambi tu. Majirani wao wanamshauri asahau. Hilo nalo analikataa. Mabaya hayakuwaangukia kwa mara moja, asema. Yalikuja hatua kwa hatua, na kila mtu alipiga hatua zake. Tena anakumbuka kwamba hata kambini, saa ya jioni, alionja kitu kama furaha. Wengi wanakwazwa na neno hilo. Lakini kama angelificha, angekana maisha yake mwenyewe.

Basi sisi ambao kazi yetu ni kusikiliza watu, tuangalie. Aliyeteswa akija kwetu, tusimtayarishie maneno ya kusema, wala tusimharakishe kusahau. Tukae kimya kwanza, tumsikie yeye.