Mtazame Chura Mikononi, Si Mgongoni

Maduka ya samaki wa mapambo ya Ulaya na Marekani huuza vyura wadogo wa majini wenye asili ya Afrika, na wanunuzi wengi huwatambua kwa rangi. Rangi ni shahidi asiyeaminika: chura yuleyule hukoza akiwa mahali peusi na kufifia akiwa mahali peupe, na wapo waliofugwa hadi wakazaliwa weupe wenye macho mekundu. Cha kutegemea ni umbile, tukianzia mikononi. Chura kibete wa jenasi Hymenochirus, mkazi wa misitu ya Kongo na nchi jirani, ana utando katikati ya vidole vya miguu yote minne. Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika ana utando wa nyuma tu. Vidole vyake vya mbele vimeachana, navyo huvitumia kusukumia chakula mdomoni kwa kuwa hana ulimi. Macho ya kibete yako pembeni mwa kichwa. Ya Xenopus yako juu. Kucha nyeusi za miguu ya nyuma hazitatui lolote, kwani wote wanazo.

Atakuwepo wa kusema chura ni chura, jina la nini? Lakini kibete huishia sentimita 4 hivi, ilhali jike wa Xenopus hupita sentimita 10, huweza kuishi zaidi ya miaka 15, na humeza samaki yeyote anayeenea mdomoni, hata kibete mwenyewe. Tangu miaka ya 1930 Xenopus alisambazwa duniani kwa ajili ya kupima mimba: alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai, mwanamke huyo ni mjamzito. Waliotoroka au kuachiwa wakazaliana porini hadi California, ambako sasa kumfuga bila kibali ni kosa.

Wengine watasema simu itamtambua. Ila picha ya kutoka juu huonyesha mgongo na kuficha vidole. Hata umbile nalo lina mpaka: spishi za Hymenochirus zinafanana mno, na mtaalamu angependa kujua chura alikamatwa wapi, habari ambayo dukani imeshapotea. Basi mfugaji aishie kwenye jenasi. Kwa chakula, maji na wenzake wa tangini, hiyo inatosha. Kabla ya kulipa, aombe chura awekwe kwenye chupa ya kioo, amtazame kwa ubavuni.