Mpira wa Vakyumu: Kruzi, Breki na Safari za Tumbe



Kamati za sharika na wafadhili wanaposoma taarifa ya gharama za gari huweza kukuta mstari mdogo ulioandikwa "mpira wa vakyumu", na pembeni yake neno "kruzi". Ni haki kuuliza: kwa nini fedha ya mradi itengeneze kifaa cha starehe? Makala hii inaeleza kifaa hicho kinavyofanya kazi na kinavyoharibika, ili kila kamati iweze kupima matengenezo yapi yanaweza kusubiri na yapi hayawezi.

Kruzi ni nini?

Kruzi ni kidhibiti mwendo. Dereva akifikia mwendo anaoutaka, tuseme kilomita 80 kwa saa, hubonyeza kitufe na kuondoa mguu kwenye mafuta. Gari huendelea na mwendo huo lenyewe. Aliyekibuni ni Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utoto. Alipata hataza mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukiweka kwenye magari yake ya mwaka 1958. Magari mapya siku hizi hutumia mota ya umeme kwa kazi hiyo, lakini mengi ya yale ya miaka ya 1980 na 1990 yenye kruzi hutumia vakyumu, na baadhi yake bado yako barabarani.

Vakyumu hutoka wapi?

Ukinywa dafu kwa mrija, unapunguza hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje husukuma maji yapande. Injini ya petroli hufanya vivyo hivyo. Huvuta hewa kupitia kipepeo kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Kipepeo kikiwa karibu kufungwa, hewa ndani ya manifodi hupungua sana. Hali hiyo ndiyo vakyumu. Injini nzima ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kipimo husoma kama sentimita 45 hadi 55 za zebaki. Injini nyingi za dizeli hazipati vakyumu ya kutosha kwa njia hiyo, hivyo hufungiwa pampu. Katika baadhi ya magari, pampu hiyo iko nyuma ya altaneta.

Kruzi inavyofanya kazi

Ndani ya chombo kidogo cha duara kuna utando wa mpira uliounganishwa na kipepeo kwa waya. Kompyuta ndogo hulinganisha mwendo wa gari na ule uliowekwa. Mwendo ukishuka, vali hufunguka, vakyumu huvuta utando, utando huvuta waya, na kipepeo hufunguka zaidi. Mwendo ukizidi, vali ya pili huingiza hewa ya nje, na springi hurudisha kipepeo.

Dereva akigusa breki, swichi hukata umeme wa kruzi. Katika magari mengi kuna pia vali kwenye pedeli inayoingiza hewa papo hapo, ili kruzi iachie hata umeme ukigoma.

Matatizo ya kawaida

1. Mipira kukauka na kupasuka kwa joto la injini. Dalili zake ni sauti ya mfyonzo, injini kutetemeka ikiwa imesimama, na kruzi kushindwa kushika mwendo.

2. Utando kutoboka. Kruzi hushika kidogo kisha huachia.

3. Swichi au vali ya pedeli ya breki kukaa vibaya. Kruzi haikubali kabisa kuwaka.

4. Taa za breki kuungua. Katika baadhi ya magari umeme wa kruzi hupitia kwenye taa hizo, hivyo zikiungua kruzi nayo hufa. Hapo ubovu wa kruzi umewaonyesha ubovu wa taa.

5. Waya kukwama kwa kutu. Hili ni la hatari, kwa sababu kipepeo kinaweza kubaki wazi.

Mwendo kupungua kwenye mlima mrefu si lazima uwe ubovu. Kipepeo kikifunguka sana, vakyumu ya injini ya petroli hupungua wakati ule ule kruzi inapoihitaji.

Kwa nini breki zinahusika?

Busta ya breki, inayomsaidia dereva kukanyaga pedeli bila kutumia nguvu nyingi, hutumia vakyumu hiyo hiyo. Ufa mdogo kwenye mpira wa kruzi hauondoi breki. Lakini mpira ukichomoka kabisa, vakyumu hupungua kwa wote. Busta ina vali ya njia moja inayotunza akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedeli huwa ngumu na gari huchelewa kusimama. Tena mipira ya gari moja mara nyingi ina umri mmoja. Wa kruzi ukipasuka, wa busta nao ukaguliwe siku hiyo hiyo.

Gari la mradi likishuka Mkoani kwenda Tumbe hupita Pemba karibu yote, kusini hadi kaskazini. Njia ina vilima na kona. Kuna magari ya ng'ombe, baiskeli, watoto wa shule, na msimu wa mavuno karafuu huanikwa kando ya barabara. Tumbe kwenyewe kuna soko la samaki na watu wengi. Katika njia hiyo kruzi haifai kuwashwa, wala wakati wa mvua popote. Breki ndizo zinazohitajika kila dakika, na hewa ya chumvi huharakisha kutu kwenye klipu, waya na swichi.

Kamati zifanye nini?

Kwanza, mjaribu busta kila mwezi. Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, aishikilie, kisha awashe injini. Pedeli ikishuka kidogo, vakyumu inafika. Isiposhuka, gari lisisafiri.

Pili, kama hakuna fedha ya kutengeneza kruzi, fundi aifunge njia yake ya vakyumu kwa kizibo imara na klipu, na azime umeme wake. Kufunga kwa mfuko wa plastiki au kipande cha tyubu ya baiskeli hakukubaliki.

Tatu, taarifa ya gharama itenganishe mambo mawili: chombo cha kruzi, ambacho kinaweza kusubiri, na mipira, vali na taa za breki, ambavyo haviwezi. Mfadhili akiona mgawanyo huo, atajua fedha yake imelinda abiria.